Mkanda Ufungwe Kuanzia Juu



Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa sharti la kufanya kazi kwa muda mrefu huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akawafukuza wapatao 400. Hata hivyo, siku hiyohiyo alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwamo, ilikuwa minono mno, akatangaza kuukata wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni.

Mengi yanaweza kusemwa juu ya ukali wa siku ile. Mimi nachukua jambo moja: aliyedai wengine wajinyime alianza kujinyima mwenyewe, na hadharani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba shida haiwaunganishi wafanyakazi kwa kuwa ni shida tu. Huwaunganisha pale wanapoona kwa macho yao kwamba mzigo umegawanywa kwa haki.

Tuingie ofisini. Waraka umebandikwa ubaoni: chai ya saa nne imefutwa, malipo ya saa za ziada yamesitishwa, karatasi zichapwe pande mbili. Wiki hiyohiyo menejimenti inakwenda semina elekezi hotelini, na mashangingi yamepanga foleni getini tangu alfajiri. Hakuna atakayegoma. Mhudumu ataendelea kusema "shikamoo, bosi", karani ataendelea kusaini kitabu cha mahudhurio. Lakini kuanzia siku hiyo kila mmoja atafanya kile tu anacholipwa kufanya, na mwenye wazo zuri atakaa nalo moyoni.

Kuanza juu peke yake hakutoshi. Lazima pawe na uwiano. Asilimia 20 ya mshahara wa mkurugenzi ni safari moja iliyoahirishwa. Asilimia 20 ya mshahara wa mlinzi ni ada ya mtoto. Machi 2020, janga la korona lilipoingia Kenya, Rais na naibu wake walitangaziwa punguzo la asilimia 80 ya mshahara, mawaziri asilimia 30, na makatibu wakuu asilimia 20. Mpangilio wa ngazi hizo ulikuwa sahihi: mwenye zaidi akatoa zaidi.

Tena, watu waachiwe nafasi ya kubebana. Mwaka 2009, mdororo wa uchumi ulipoikumba kampuni ya Marekani ya Barry-Wehmiller, mkuu wake, Bob Chapman, hakupunguza watu. Kila mfanyakazi, kuanzia yeye, alitakiwa kuchukua likizo ya wiki nne bila malipo, kwa wakati utakaomfaa. Wapo waliochukua wiki za ziada ili kumpunguzia mwenzao aliyebanwa zaidi. Hakuna waraka ulioagiza hivyo. Hali ilipotengemaa, kampuni ilirejesha michango ya pensheni iliyokuwa imesitishwa. Kilichokatwa kikarudi, na imani ikabaki.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtakuwa wakuu wa idara na mashirika. Siku mtakapoletewa waraka wa kubana matumizi, msitie saini kabla jina lenu halijatangulia katika orodha ya wanaokatwa, kabla tarehe ya mwisho ya makato haijaandikwa, na kabla haijatajwa siku ya kuwasomea wafanyakazi hesabu. Likikosekana hata moja kati ya hayo matatu, urudisheni waraka huo ulikotoka.