Neno Lililokatwa Huzaa Adui

(Hotuba ya Mfasiri wa Serikali mbele ya baraza la Rongai, Nakuru)



Kazi yangu ni kufasiri: mtu husema kwa lugha moja, nami huyatoa maneno yake kwa lugha nyingine. Katika kazi hiyo nimejifunza ya kwamba neno laweza kuchukuliwa kutoka kinywa kimoja hata kingine bila kuongezwa kitu, na hata hivyo likawa uongo. Yatosha kulikata.

Nitatoa mfano. Tuseme mzee mmoja asimama katika baraza kama hili, akasema, "Wako watu wasemao ya kwamba wageni waondoke. Mimi siyakubali maneno hayo." Mtu aliyekaa nyuma asikia nusu ya kwanza tu, kisha aenda zake sokoni. Kabla jua halijatua, Rongai nzima yasema, "Mzee amesema wageni waondoke." Kila neno katika habari hiyo lilitoka kinywani mwa mzee, lakini maana imepinduliwa. Usiku huo jirani aliyekuwa akimwazima jembe afunga mlango kwa hofu, na kijana wa nyumba nyingine atafuta rungu. Adui amezaliwa, wala mzee hakumzaa.

Hata wataalamu hushindwa na kazi ya kuchukua maneno. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria, iliyoanza mwaka 1952, mkalimani alikuwa Dr. Louis Leakey, mtu aliyekua pamoja na Wakikuyu na kukijua sana Kikuyu. Hata hivyo wakili wa utetezi, Bwana Pritt, alisimama akapinga ufasiri wake, na baadaye Dr. Leakey akaiacha kazi hiyo. Angalieni: mahakamani yuko mtu wa kusimama na kuuliza, "Je, ndivyo alivyosema?" Lakini sokoni, kwenye matatu, na katika simu zetu, wakili huyo hayuko. Asipokuwa msikilizaji mwenyewe, basi hakuna.

Njia ya pili ya kuumba adui ni kumbadili mtu jina. Mwenye kutaka vita hawezi kuwaambia watu waziwazi wakamwue jirani aliyewasaidia kuvuna mahindi. Hakuna atakayemtii. Basi kwanza humwondolea jirani jina lake. Mshindani katika kura huitwa adui. Kisha huwa si mtu tena. Huko Rwanda, redio ya RTLM ilizoea kuwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, na mwaka 1994 watu mamia ya maelfu wakauawa. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti moja.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Rwanda peke yake. Katika Bonde letu la Ufa maneno yamekuwa "madoadoa" na "kwekwe". Ninyi ni wakulima, mwajua kwekwe hufanywa nini: hung'olewa, wala haiulizwi habari zake. Mwezi Septemba 1991 ilifanyika mikutano ya kisiasa Kapsabet na Kapkatet, na waliotaka vyama vingi wakatajwa kama maadui wa jimbo. Mwezi wa Oktoba mapigano yakaanza shambani Meteitei, na mwaka 1992 yakafika Molo. Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na kati yao 744 walikuwa wa mkoa wetu wa wakati huo. Ninyi mwakumbuka jinsi Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ulivyojaa mahema ya waliokimbia.

Sisemi kwamba maneno peke yake yalifanya hayo. Palikuwa na ugomvi wa mashamba na ugomvi wa kura. Lakini wagombanao kwa ajili ya shamba waweza kwenda kwa wazee au kortini. Mende na kwekwe hawapelekwi kortini.

Njia ya tatu ni kusema, "Wanakuja." Mwezi Oktoba 1978 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda, na kumbe ni askari wa Amin walioingia Kagera. Hapa kwetu mwaka 2008 habari kama hizo zilipita kwa simu. Tuna methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Wachochezi huipenda, na sababu yake ni hii: ikisemwa kwamba wale wanakuja usiku, hawa hutoka kujikinga kwa kuwapiga, kisha wale huja kweli, ili kulipiza. Uongo umejizalia ushahidi wake.

Sheria ipo. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yasema ya kwamba mwenye kueneza chuki ya kikabila aweza kutozwa faini hata shilingi 1,000,000, au kufungwa hata miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini sheria hufika baada ya neno, na pengine baada ya moto.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wetu awe wakili yule wa Kapenguria. Uletewapo neno la kiongozi, uliza mambo manne. Nani alilisikia kwa masikio yake? Alilisema kwa lugha gani? Ni nini kilichotangulia, na ni nini kilichofuata? Na tena, je, aliyeleta habari hii anataka nifanye nini usiku huu? Asiyeweza kujibu, neno lake na likome kwako. Usilipeleke mbele, hata kwa kusema, "Mimi nimeambiwa tu." Moto haumwulizi mtu kama aliuwasha yeye au aliupokea.

Na mkumbuke jambo moja. Nyumba zilizochomwa Molo na Njoro zilikuwa za watu waliosikiliza, wala hazikuwa za waliohutubia. Mhubiri wa vita hupanda gari lake akaenda kulala mbali. Wenye kubaki hapa, kuazimana majembe na kuzikana, ni sisi.