KAZI YA LEO ISINGOJE KESHO

Mazungumzo kwa vijana waanzao kazi



Wazee walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kila mtu aijua methali hii, lakini si wengi waitumiao katika kazi zao. Kijana huingia kazini akiwa na cheti kizuri na nguvu za kutosha, na baada ya miaka mitano yupo pale pale alipoanzia, hali mwenzake mwenye cheti kama chake amekwisha kupewa kazi kubwa. Watu husema ni bahati, au kwamba mwenzake ana ndugu wa kumpendelea. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni ndogo kuliko hiyo: mmoja huianza kazi mara imfikiapo, na mwingine huiweka kando.

Mkulima ndiye awezaye kuwafundisha watu wote jambo hili, kwa maana mvua haimngojei mtu. Katika miaka ya 1960, majaribio ya mahindi yaliyofanywa Kitale yalionyesha kwamba kupanda mapema, mvua zianzapo, kuliongeza mavuno sana. Mbegu bora na mbolea hununuliwa kwa fedha, lakini kuwahi kupanda hakuhitaji ila shamba liwe limelimwa tayari. Na sababu moja ilikuwa imekwisha kujulikana. Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka ukilowa tena hutoa chakula kingi cha mimea kwa muda mfupi. Mahindi yaliyopandwa mapema hukipata chakula hicho. Aliyechelewa hupanda wakati mvua imekwisha kukipeleka chini, mahali ambapo mizizi michanga haifiki.

Kadhalika kahawa. Matunda mekundu yaliyochumwa hutakiwa kumenywa siku ile ile. Yakilala guniani huanza kuchachuka, na kahawa hupoteza ladha yake na bei yake. Mwenye shamba amekwisha kupalilia, kupogoa na kunyunyiza dawa mwaka mzima, nayo hasara humjia kwa usiku mmoja.

Katika ofisi hakuna kitu kiozacho machoni pa watu, na kwa hiyo uchelewaji hauonekani upesi. Chukueni mfano wa makarani wawili. Jumatatu inafika barua ya mjane anayeomba fedha alizoacha marehemu mumewe, apate kuwalipia watoto ada ya shule. Karani wa kwanza aisoma, aona kwamba imepungukiwa na cheti cha kifo, naye amwandikia siku hiyo hiyo kumwomba akilete. Karani wa pili aisoma, aiona ina shida, aiweka chini ya barua nyingine. Baada ya majuma matatu aitoa, aisoma tena tangu mwanzo, na aona upungufu ule ule. Kazi yake haikupungua hata kidogo. Ameifanya mara mbili, na watoto wa mjane wamekwisha kurudishwa nyumbani. Siku mkubwa wa ofisi atakapotafuta mtu wa kumwachia funguo, atamwita nani?

Wako watakaojibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikuwaambia watu wakawie kuanza. Seremala mwenye papara hukata ubao kabla ya kupima, na kiti chake huyumba. Seremala mwepesi huanza kupima mara apewapo kazi, kisha hupima tena kabla ya kushika msumeno. Aliyeanza mapema ana nafasi ya kwenda polepole na kusahihisha kosa. Aliyekawia ndiye alazimikaye kukimbia, na katika mbio hizo ndipo aharibupo kazi ya watu.

Tabia hii haimjii mtu kwa siku moja, bali hujengwa kwa mambo madogo. Kwanza, kazi iwezayo kwisha kwa dakika chache ifanywe papo hapo. Pili, kazi kubwa igawanywe, na sehemu yake ya kwanza ianzwe siku ile ile, hata ikiwa ni kukusanya vifaa tu. Tatu, jioni, kabla ya kufunga kazi, mtu aandike jambo atakaloanza nalo asubuhi, asije akapoteza saa nzima akijiuliza. Nne, akiona kwamba kazi imemshinda, amwambie mkubwa wake mapema. Kusema Jumatatu kwamba kazi ni ngumu ni busara, kwa kuwa msaada waweza kupatikana. Kusema Ijumaa jioni ni hasara kwa wote wawili.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye kuziba ufa hutumia tope la mkono mmoja, na mwenye kujenga ukuta hutumia fedha za mwaka mzima. Basi kila mmoja, arudipo kazini kwake, aitazame ile kazi aliyoiweka chini ya nyingine. Aitoe, na aianze leo.