Mafuta ya Usukani

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya gari, ambacho madereva wengi hawakikumbuki mpaka siku ya taabu. Kitu chenyewe ni mafuta ya usukani, ambayo mafundi huyaita mafuta ya steringi.

Hapo zamani dereva aligeuza usukani kwa nguvu za mikono yake tu. Katika mwaka 1926 mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, alionyesha gari lililosaidiwa kugeuka kwa nguvu za mafuta. Na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuwauzia watu magari ya namna hiyo. Kazi yake ni hivi: mkanda wa injini huzungusha pampu, pampu huyasukuma mafuta katika mpira, nayo mafuta husaidia kuyageuza magurudumu upande autakao dereva. Kisha hurudi katika kopo lake ili yazunguke tena.

Sasa liangalieni neno hili, maana ndilo lililonileta hapa. Mafuta hayo hayaungui kama petroli, huzunguka tu. Basi yakipungua, yamevuja.

Mwaka 2014 jirani yangu alitupakia katika pikapu yake, mimi na wanafunzi wangu sita, tukashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kila Jumamosi jirani huyo aliongeza mafuta ya usukani, akajisifu kuwa ni mtunzaji wa gari. Hakuuliza hata mara moja yale ya Jumamosi iliyopita yamekwenda wapi. Tulipofika penye kona, mlima upande huu na bonde upande huu, mpira uliokuwa ukivuja ukapasuka. Usukani haukukatika, bali ghafula ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kwa bahati tulikwenda polepole. Aliukaza kwa nguvu zake zote, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima. Tukashuka, wala hapana aliyesema neno.

Kuyakagua si kazi ya fundi peke yake. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, fungua boneti, utafute kopo lenye picha ya usukani juu ya kifuniko. Magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, nayo hayana kopo hilo; kwa hiyo soma kwanza kitabu cha gari lako. Pangusa kifuniko kabla ya kukifungua, vumbi lisiingie. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Makopo mengine yana alama za mafuta baridi na za mafuta ya moto, maana yakipata moto hupanda. Yakiwa meusi, yenye harufu ya kuungua, yafaa yabadilishwe. Yakiwa na povu, hewa imeingia.

Ukiongeza, tia kidogo kidogo, tena aina ile ile iliyotajwa kitabuni. Usitie kamwe mafuta ya breki, kwani huziharibu sili za mpira. Wala usiushikilie usukani umekatwa hadi mwisho wake, maana pampu huumia.

Ziko dalili nyingine: pampu hulia ukikata kona, au usukani huwa mzito. Usiku tandika karatasi safi chini ya gari. Asubuhi matone yatakuonyesha ni upande gani pa kutafuta. Ukiyaona, mwite fundi akaze kiungo au abadilishe mpira kabla hujabeba watu.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, ndugu zangu, mkiyakuta mafuta yamepungua, msiridhike kwa kuongeza tu. Ulizeni yamekwenda wapi.

Kwa herini.