Hotuba juu ya Afya ya Binti Zetu



Twataka kusema juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi, nalo ni afya ya binti zetu wanaoshika mimba wangali watoto.

Mara nyingi twasikia ikisemwa ya kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Lakini uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2022 waonyesha mambo mengine. Katika Kenya nzima, wasichana 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Katika Samburu walikuwa 50. Katika Nyeri na Nyandarua, 5 tu. Je, watoto wa Samburu waliumbwa kwa udongo mwingine? Hasha! Tofauti imo katika hali ya maisha yao. Miongoni mwa wasichana wasiosoma kabisa, karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Basi penye umaskini, ndoa za mapema na shule za mbali, ndipo penye hatari.

Wala hatari hiyo si aibu tu. Mama aliye mtoto huelekea zaidi kupatwa na kifafa cha mimba. Na uchungu ukikwama kwa kuwa nyonga hazijakomaa, aweza kupata fistula, akawa anavuja mkojo na kutengwa na watu.

Twawaomba wazee mambo matatu. Kwanza, msichana aliyejifungua arudishwe shuleni; ruhusa hiyo imekuwapo tangu mwaka 1994. Pili, mtu mzima aliyemharibu mtoto asisamehewe kwa mbuzi na pombe, bali apelekwe polisi. Sheria ya mwaka 2006 yamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18. Tatu, wazazi wazungumze na watoto wao, wavulana kwa wasichana. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bibi na shangazi. Leo wengi wao wako mbali, na mahali pao hapana mtu.

Chama chetu hakichelewi kuchanga siku ya mazishi. Twaomba wepesi huo huo uonekane siku binti wa mwanachama anaporudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.