Tapeti na Kikomo cha Mizunguko ya Injini
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Somanda)



Nimeombwa niseme juu ya injini, kwa sababu vijana wa gereji hapa Somanda wanauliza habari za kemshafti za mashindano, na wengine wanataka kuzifunga kwenye magari ya abiria ya kwenda Lamadi. Swali lao: tuweke tapeti gani, na injini tuizungushe hadi wapi?

Tapeti za mafuta hujirekebisha zenyewe kwa oili. Hazigongi, wala hazidai fila. Kwa gari la kazi sioni sababu ya kuzitoa. Taabu huja injini inapokimbia kupita uwezo wa springi. Vali huchelewa kurudi, nafasi hutokea, na tapeti huijaza oili papo hapo. Basi vali haifungi sawasawa, nguvu hupotea, na vali ya moshi huanza kuungua.

Tapeti ngumu haina tabia hiyo, ila inataka mtu wa kuipima. Datsun 240Z, aliyoshindia Safari Rally Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973, haikutumia tapeti za mafuta. Kemshafti yake hukanyaga roka moja kwa moja, na nafasi hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.25 vali ya kuingiza, 0.30 ya moshi. Mafundi wengine hukaza mpaka kelele iishe. Heri inayogonga kidogo! Vali iliyobanwa mno haikai kitini muda wa kutosha kupoa.

Sasa kikomo. Springi kali haziimarishi konrodi. Mvuto juu ya konrodi hukua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 5,000 hadi 6,000 kwa dakika mizunguko imeongezeka asilimia 20, lakini mvuto umeongezeka asilimia 44. Tena iko safari ya pistoni. Ya 240Z ni milimita 73.7, ya Land Cruiser yenye injini ya 2F ni 101.6. Pistoni ya 2F kwenye 5,000 hukimbia karibu sawa na ya 240Z kwenye 7,000, wastani wa mita 17 kwa sekunde. Anayejigamba kwamba gari la fulani hufika 7,000 kwanza ataje injini.

Na msitegemee kifaa cha kukata moto. Tuseme gia ya tatu ni 1.4 na ya pili 2.1. Dereva yuko kwenye tatu, mizunguko 6,000, akakosea akaingiza ya pili: magurudumu yenyewe yataisukuma injini hadi 9,000, moto uwepo usiwepo. Konrodi ikikatika injini huweza kuganda, na magurudumu yakaganda nayo, abiria wakiwa ndani. Kwa gari la abiria, mimi siifungi kemshafti hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, wenye fila waje nazo baada ya chai. Nitakuwa pale chini ya mwembe, na injini itakuwa imeshapata moto.