Nyumba Moja, Watu Wawili
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lwakhakha)



Mimi ni fundi. Leo sikuja kujisifu, nimekuja kuungama kosa. Nilimjengea mama yangu jiko. Nguzo nilichagua mimi, mabati nikapiga mimi, na dirisha nikaliweka pale nilipopenda mimi. Mama aliitwa mwisho, aje na udongo na mavi ya ng'ombe asiribe ukuta. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, moshi utapita wapi?" Nikamjibu kazi imekwisha. Basi akapika humo akikohoa miaka mingi.

Desturi yetu mnaijua. Mwanamume husimamisha nguzo na kuezeka, mwanamke husiriba na kulainisha sakafu. Shida ni kwamba huyu wa pili huitwa mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Kule Ufini alikuwako msanifu majengo, Alvar Aalto. Mkewe Aino, naye msanifu, alishughulikia sana mambo ya ndani: viti, taa, vyombo. Mwaka 1933 ilifunguliwa hospitali ya kifua kikuu ya Paimio. Alvar ndiye aliyeichora, na Aino alishiriki katika vifaa vya ndani. Walijiuliza: mgonjwa hulala chali mchana kutwa, ataona nini? Basi dari ikapakwa rangi tulivu, taa ikawekwa isimuumize macho. Hata beseni la kunawia liliundwa ili maji yasipige kelele na kumsumbua mgonjwa wa kitanda cha pili. Mwaka 1935 wao na wenzao wawili wakaanzisha kampuni ya samani, Artek.

Ndugu zangu, swali kama hilo halihitaji pesa. Kikundi kikitaka kujenga jiko au chumba cha watoto, kabla ya kuchimba shimo la kwanza choreni nyumba chini kwa kijiti. Mpishi aingie humo, achutame penye mafiga, ainuke kama aliyebeba sufuria ya moto. Aseme upepo unatoka wapi, mlango ufungukie wapi, na mtoto apite wapi asiungue. Mstari wa vumbi utaufuta kwa mguu. Ukuta utaubomoa kwa jasho.

Jiko la mama nililitoboa dirisha la pili baadaye. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku tu. Ningemsikiliza siku ile, asingekohoa hivyo.



Mjadiliane kikundini: Katika jengo letu la mwisho, nani aliamua mahali pa dirisha? Je, yeye ndiye anayepika humo?