Magari ya mbio ya kesho: sisi tutabaki kuangalia tu?



Leo tunaongea juu ya magari ya mashindano. Kuko wenye watacheka: watu wanalala gizani, nyinyi munatuletea maneno ya mbio za magari? Mutusikilize kwanza.

Kile chenye kinatembeza gari kinabadilika. Formula E, mashindano ya magari ya umeme, ilianza Beijing mwaka 2014. Mwaka 2022 huko Le Mans, Ufaransa, magari yalikimbia saa 24 na mafuta yaliyotoka katika mabaki ya zabibu, yale yanayobakia kisha kutengeneza divai. Mbele ya hapo, mwaka 2009, watafiti wa Iniversite ya Warwick, Uingereza, walionyesha gari la mbio lenye usukani wa karoti. Injini yake iliweza kutumia mafuta ya mabaki ya shokola.

Sasa tujiulize: sisi tuko wapi ndani ya hayo yote?

Betri nyingi za magari zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Na mafuta ya mimea si habari mpya. Mawese ni nzito, inasumbua injini ya mazutu. Lakini ukiichanganya na alkoli, pamoja na dawa ya kuharakisha, gliserini inajitenga na mafuta yanakuwa mepesi. Mwaka 1937 mwalimu mmoja wa Iniversite ya Brussels, G. Chavanne, aliandikisha njia hiyo. Mwaka 1938 bisi ya abiria ilitembea nayo kati ya Brussels na Louvain. Wakati huo, hapa Congo, wazee wetu walikuwa wanakata ngazi za mawese, mara nyingi kwa kazi ya lazima. Jasho lilikuwa la huku, ujuzi ukabaki kule.

Je, na kobalti itakuwa vile vile?

Sisi wenye diplome tuko wengi barabarani. Kati yetu kuko wenye walisoma umeme miaka mitano, na mashine za maabara waliziona zimechorwa tu kwenye ubao, juu mazutu ya jenereta ilikosa. Hata hivyo, akili ya ufundi iko. Angalieni chukudu: gari la mti, linashuka mlima na magunia ya viazi na makala, bila tone moja la esansi.

Hatuombi watujengee uwanja wa mbio. Tunadai mambo matatu. Moja, maabara za iniversite zipewe paneli za jua, vijana wafanye kazi kwa mikono. Mbili, mikataba ya migodi ilazimishe kufundisha vijana wa hapa kutengeneza betri, si kuchimba tu. Tatu, mafuta ya mimea yatoke kwanza katika mabaki, kama mafuta yaliyokwisha kukaangia. Asinyang'anywe mama shamba lake la mihogo juu ya gari la mtu mwingine.

Siku mwanafunzi wa hapa atatia mota na betri kwenye chukudu, ikapanda mlima na mzigo wake, hayo ndiyo yatakuwa mashindano yetu ya kwanza. Tusingoje kualikwa. Tuanze kudai leo.